Takács: Mkono wa kulia ulipokwisha, akaanza sifuri na wa kushoto

CHUKUA straika wa timu ya taifa ambaye mguu wake wa kulia ndiyo kila kitu. Penalti, faulo, krosi, vyote vinatoka hapo. Halafu siku moja mguu huo unakwisha, na jamaa anaambiwa kama bado anautaka mpira, atumie wa kushoto. Wengi wangetundika daluga siku hiyohiyo.

Károly Takács hakutundika. Huyu hakuwa mcheza soka, alikuwa mlenga shabaha kwa bastola, kutoka Hungaria ileile ya Ferenc Puskás. Alizaliwa Budapest Januari 21, 1910, akaingia jeshini, na kufikia mwaka 1936 alikuwa mmoja wa walengaji wakali zaidi nchini kwake.

AKATWA KIKOSI CHA BERLIN

Pamoja na ukali huo, Michezo ya Olimpiki ya Berlin 1936 aliisikia tu. Yeye alikuwa sajini, na utaratibu wa jeshi la Hungaria uliruhusu maofisa pekee kwenda kushindana. Kiwango anacho, cheo hana. Baada ya Berlin utaratibu huo ukafutwa, naye akaanza kuipigia hesabu Olimpiki ya 1940.

Mwaka 1938, akiwa mazoezini jeshini, bomu la mkono lenye hitilafu likamlipukia. Mkono wa kulia, ule wa kulengea, ukaharibika vibaya. Akalazwa hospitali mwezi mzima.

KUJIFUNZA UPYA

Kwa shabiki wa soka, hapa ndipo pa kuelewa ugumu wa kazi iliyokuwa mbele yake. Juu ya bastola kuna vipande viwili vya kulengea. Cha nyuma kina pengo. Cha mbele, karibu na mdomo wa mtutu, kimesimama kama jino. Mlengaji analiweka jino katikati ya pengo, mwanga ulingane kushoto na kulia, na kwa juu viwe sawa. Jicho linakaza kwenye jino, siyo kwenye shabaha. Shabaha inabaki na ukungu kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Sababu yake ni hesabu tu. Kama vipande hivyo vimeachana sentimita 20, jino likihama milimita 1, risasi inayokwenda mita 25 inatua sentimita 12 na nusu pembeni. Ndiyo maana triga inabanwa taratibu bila pupa. Ukiikwanyua, jino linahama na kazi imeharibika.

Halafu kuna kuirekebisha bastola yenyewe. Unapiga risasi kadhaa ukilenga sehemu moja, bila kubadili chochote. Zikitua pamoja lakini pembeni, mkono uko freshi, kinachosogezwa ni kipande cha nyuma. Zimekwenda kushoto, kisogeze kulia. Zikitawanyika huku na huko, usiguse chuma. Tatizo ni mkono.

Takács yote hayo alikuwa nayo kichwani. Aliyekuwa hajui kitu ni mkono wa kushoto. Bastola ya mashindano hushikwa kwa mkono mmoja ulionyooshwa, bila kuegemea popote. Bega, kifundo na kidole cha kushoto vilikuwa havijawahi kufanya kazi hiyo. Ilibidi mtu wa kiwango cha taifa arudi darasa la kwanza.

Akafanya hivyo kimyakimya, bila kumtangazia mtu. Masika ya mwaka 1939 akatokea kwenye ubingwa wa Hungaria. Inasimuliwa kwamba wenzake walidhani amekuja kutazama, wakaanza kumpa pole. Akawafunga wote. Mwaka huohuo akawa kwenye timu ya Hungaria iliyotwaa ubingwa wa dunia.

LONDON 1948

Ila kama kuna mtu mwenye gundu, ni yeye. Vita Kuu ya Pili ikafuta Olimpiki ya 1940, kisha ya 1944. Alipofika London 1948 alikuwa na miaka 38.

Shindano lake ni la kasi. Mbele yako kuna shabaha tano, umbali wa mita 25, kila moja inataka risasi yake. Unapewa sekunde 8, halafu 6, halafu 4. Muda wa kufikiri haupo. Kama mkono haujazoea kulirudisha jino kwenye pengo lenyewe, umekwisha.

Mtu wa kumwogopa alikuwa Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, bingwa wa dunia. Inasimuliwa kwamba alimuuliza Takács amefuata nini London, akajibiwa kuwa amekuja kujifunza. Takács akapata pointi 580 kati ya 600, rekodi ya dunia. Valiente akaishia 571, na inasemekana mwenyewe alikubali kwamba mwanafunzi ameshajifunza vya kutosha.

HELSINKI NA KINA PUSKÁS

Miaka minne baadaye, Helsinki 1952, Hungaria ilitisha. Kwenye soka, Puskás na Zoltán Czibor waliifunga Yugoslavia 2-0 katika fainali. Kwenye bastola, Takács akapata 579 na kuchukua dhahabu tena. Aliyemfuata kwa 578 ni kijana wa miaka 17, Szilárd Kun. Nani alimfundisha Kun? Takács huyohuyo. Kocha na mwanafunzi wakaachana kwa pointi moja.

Hakuna aliyewahi kutwaa dhahabu ya shindano hilo mara mbili kabla yake. Melbourne 1956 alijaribu ya tatu, akaishia nafasi ya nane. Jeshini, yule sajini aliyeachwa Berlin alistaafu akiwa luteni kanali. Alifariki dunia Januari 5, 1976, Budapest, akiwa amebakiza siku 16 kutimiza miaka 66.