Moraa wa Ngiti, Mganga wa Kisii

Leo twasimulia khabari ya mwanamke asiyekuwa wa dini yetu, kwani ndani yake mna mazingatio makubwa kwa wenye akili.

Moraa wa Ngiti alikuwa mganga na mtabiri wa Kitutu, katika nchi ya Abagusii. Huko mjuzi wa dawa za miti huitwa omonyamete, na ilimu hiyo hupokewa kwa mdomo, mkubwa kumpa mdogo. Waingereza walipoishambulia nchi hiyo mwaka 1905, kisha wakajenga boma Kisii mwaka 1907, Moraa aliwahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Januari 1908 Otenyo, kijana wa jamaa zake, alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza. Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Lakini jeshi lililipiza kisasi: watu wakauawa, ng'ombe wakatwaliwa, nyumba zikachomwa, na Otenyo akauawa.

Ushujaa wa Moraa wakumbukwa hata leo. Je, uganga wake u wapi? Hakuacha kitabu. Mtazameni Ibn al-Baytar, aliyefariki Damascus mwaka 1248: aliandika dawa na vyakula vipatavyo 1,400, akavipanga kwa herufi, na kila aliyekuja baadaye aliweza kuvijaribu.

Hasara hiyo si ndogo. Siku hizi wataalamu hukamua majani na magome, wakayajaribu juu ya vijidudu viletavyo maradhi kwa njia ya chakula, kama salmonela. Karatasi iliyotiwa dawa huwekwa katika kisahani chenye vijidudu; wakizuiwa kukua, hubaki duara tupu, nalo hupimwa kwa milimita. Karafuu yetu yajulikana kwa hilo: mafuta yake hutoboa utando wa kijidudu. Lakini kisahani si tumbo la mwanadamu. Lazima kijulikane kipimo, na sumu yake pia. Mwenye homa ya matumbo na apelekwe hospitali.

Basi, ndugu zetu, wajuzi wa miti wangaliko, Kisii na Nyamira na hapa Pwani. Tuandike kwao jina la mti, sehemu itumiwayo, kipimo na maradhi. Tuitenge dawa na hirizi, tuwape wataalamu waijaribu. Ilimu isiyoandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Wallahu aalam.