Raman, Aliyeiuliza Bahari Rangi Yake

Mwaka juzi nilikuwa mgeni wa rafiki yangu huko Nyamira, nchi ya milima, majani chai na migomba. Jioni tuliketi ukumbini tukitafuna miwa. Binti yake wa miaka tisa hakuugusa muwa, alikuwa ameshika shavu. Asubuhi yake tuliteremka naye hadi Kisii mjini kwa daktari wa meno, na gego likang'olewa. Nalo ni gego la ukubwani, likitoka halina badali.

Nililitazama jino lile. Kwa nje jeupe, tundu lake dogo mfano wa tundu la sindano. Kwa ndani limekwisha kuliwa. Daktari akatueleza kuwa maradhi yalianza zamani, ila jicho la binadamu halikuyaona. Akaongeza kuwa wako wataalamu wanaoweza kuyaona mapema kwa mwanga, kwa elimu iliyoanzishwa na Mhindi mmoja, Raman. Niliporudi Mombasa sikutulia mpaka nimeisoma habari yake.

Chandrasekhara Venkata Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 huko Tiruchirappalli, kusini mwa Bara Hindi, mtoto wa mwalimu. Alipata shahada yake ya pili Madras mwaka 1907, umri wake miaka 18 tu. Wakati ule sayansi haikumpa mtu riziki, basi akaingia kazi ya hesabu za serikali mjini Calcutta. Mchana alihesabu fedha za wakubwa. Alfajiri na jioni alijifungia katika maabara ya chama cha wapenda elimu. Alidumu hivyo miaka kumi. Mwaka 1917 akaacha cheo na mshahara mnono, akawa profesa.

Mwaka 1921 alikuwa akirejea kutoka Uingereza kwa meli. Katika bahari ya Mediterania alipendezwa na ile buluu ya maji. Wataalamu walishikilia kuwa ni kivuli cha mbingu tu. Raman alikuwa na kifaa mfukoni, cha kuuzuia mng'ao wa juu ya maji. Akatazama kwacho, na buluu ikabaki pale pale, tena ikazidi kukolea. Basi maji yenyewe yalikuwa na jambo lao na mwanga!

Swali hilo alilifuata miaka saba. Tarehe 28 Februari 1928, pamoja na mwanafunzi wake K. S. Krishnan, alipata jibu kubwa kuliko swali. Mwanga wa rangi moja ukipiga kitu, karibu wote hurudi na rangi ile ile. Lakini chembe chache mno hurudi zimebadilika rangi, kwa sababu zimekutana na mtetemo wa kitu chenyewe. Na kila kitu kina mtetemo wake, kama mtu na alama ya kidole chake. Mwaka 1930 akatunukiwa Tuzo ya Nobel, Mwasia wa kwanza kuipata katika sayansi. Alifariki tarehe 21 Novemba 1970 mjini Bangalore, karibu na taasisi aliyoiasisi mwenyewe.

Sasa turudi kwenye jino. Gamba lake la nje karibu lote ni madini ya chokaa na fosfati. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi huyayeyusha madini hayo kidogo kidogo. Mwanga wa leza ukielekezwa hapo, ule unaorudi hutoa habari: penye uzima fosfati hutoa alama moja, palipoanza kuoza alama hugeuka, hata kabla tundu halijaonekana. Hadi leo chombo hiki kimo zaidi katika maabara za utafiti kuliko mikononi mwa madaktari wetu. Lakini njia imefunguliwa.

Mimi ni mtu wa pwani. Bahari nimeiona tangu siku za chuoni, nilipokuwa nikipiga mswaki ufukweni kabla ya kwenda kwa mwalimu, na sikuwahi kuiuliza kwa nini ni buluu. Raman alipita juu yake, akaiuliza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ya bwana huyu ni kutuonyesha ufa ungali mdogo. Binti yule wa Nyamira ulimpita. Nadhani wadogo zake hautawapita.