Placide Tempels: baba wa Kolwezi aliyefia mbali

Wengi wa ndugu zetu walitoka katika dini au kikundi kingine kabla ya kuja kwetu. Siku ya kuwapokea tunaimba na kushangilia, lakini ni mara chache tunapowauliza wamewaacha nani nyuma. Maisha ya Placide Tempels, padri Mkatoliki aliyefanya kazi Kolwezi, yanatufundisha jambo juu ya maumivu hayo.

Tempels alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906. Aliingia shirika la Wafransisko, akapewa upadri, na mwaka 1933 akafika Kongo, katika jimbo la Katanga. Baadaye alikiri wazi kwamba miaka yake kumi ya kwanza alikuwa kama bwana mkubwa: alisema na kuamuru, na watu walipaswa kusikia tu. Alipoona kwamba mahubiri yake hayashiki mizizi, alianza kuwauliza Waluba wanaamini nini, wanaogopa nini na wanatamani nini. Kutokana na hayo alitunga kitabu juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotolewa kwa Kifaransa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Askofu wake hakukipenda. Mwaka 1946 Tempels alirudi Ulaya, na Kongo hakuiona tena mpaka 1949.

Mwaka 1953 alipewa kazi katika kampi za wafanyakazi wa Union Minière karibu na Kolwezi. Wachimba shaba hao walikuwa wametoka mbali, wameacha mababu, wajomba na vijiji vyao. Hapo ndipo Jamaa ilipozaliwa. Mume na mke waliingia pamoja, wakaongozwa na mume na mke waliowatangulia, ambao walikuwa wazazi wao wa kiroho. Waliitana baba na mama. Hakukuwa na kadi wala mchango wa uanachama. Mafundisho yalisimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Kwa mtu aliyeishi katika nyumba ya kampuni, mbali na ukoo wake, hilo lilikuwa kabila jipya.

Mwaka 1962 Tempels alirudi Ubelgiji akiwa na afya dhaifu. Wakubwa wa kanisa walikuwa wakimtilia mashaka yeye na mafundisho yake, na Kongo hakurudi tena. Miaka 15 alikaa mbali na watu waliomwita baba, mpaka alipofariki Hasselt mwaka 1977.

Huku nyuma Jamaa ilienea katika miji ya migodi. Vikundi vingine vilipotoka, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliwataka wafuasi waikane. Waliokubali walibaki na kanisa lakini wakapoteza wazazi wao wa kiroho. Waliokataa walibaki na wazazi hao lakini wakafungiwa meza ya Bwana. Kila upande ulikuwa na msiba wake, msiba usio na maiti wala matanga, ambao jirani haji kukupa pole.

Sisi Waprotestanti tusiyasome hayo kama habari za nyumba ya wengine. Leo pia Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kuna watu waliotoka katika vikundi vinavyomshika mtu maisha yote: chakula chake, ndoa yake, rafiki zake, hata saa zake za usiku. Mtu akitoka huko, si mafundisho tu anayoyaacha. Anaona haya kwa sababu aliamini, na ana hasira kwa miaka iliyopita. Tena anawakumbuka wale waliokesha naye mtoto wake alipougua. Anaweza kuujua uongo wa mafundisho na bado akalilia nyimbo zake. Tukimwambia asahau yote kwa kuwa sasa ameokoka, tunamwumiza mara ya pili. Na tukimharakisha kutoa ushuhuda mbele ya watu, tunafanya kidonda chake kuwa mapambo yetu.

Hatulazimiki kukubali kila neno la Tempels. Lakini alijifunza, tena kwa kuchelewa, kwamba kusikiliza hutangulia kufundisha. Maandiko yanaonyesha njia hiyo hiyo. Eliya alipokimbilia jangwani akitamani kufa, Mungu alimlaza usingizi, akamlisha mkate na kumpa maji. Swali lilikuja baadaye, huko Horebu.

Basi, juma hili, kama kuna mtu mpya katika kusanyiko lako, mwalike nyumbani mle bukari pamoja. Akitaja watu aliowaacha, usiwaseme vibaya. Muulize majina yao, uwaombee pamoja naye.