Nikola Tesla na Mashine ya Mjomba

Likizo iliyopita nilimjibu mjomba wangu neno ambalo mwalimu hapaswi kulisema haraka. Mjomba ana karakana nyuma ya nyumba, huku kwetu Wanging'ombe. Anachomelea mageti, anatengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe na vipuri vya mashine za kusaga. Mwaka huo aliuza alizeti yote, akaongezea mkopo wa vikoba, akanunua milingi ya mtumba, ile mashine ya kuchonga chuma. Ilishushwa Makambako, ikafika nyumbani kwa kazi kubwa. Kufunua kibati cha mota: fezi tatu. Nyumbani umeme ni fezi moja.

Aliniuliza mimi, msomi wa ukoo, ninayesoma ualimu na somo langu la kufundishia ni fizikia. Nikamwambia haiwezekani, auze tu. Marejesho ya vikoba yalikuwa kila wiki. Mjomba hakubisha, akaenda kuifunika mashine kwa turubai.

Niliporudi chuo nilienda maktaba kutafuta habari za mtu aliyeibuni mota ya aina ile. Nilikuta maisha yake, na ndani yake nikamkuta mwalimu aliyejibu kama mimi.

Nikola Tesla alizaliwa Julai 10, 1856, katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kipo Kroatia. Alikuwa Mserbia. Baba yake alikuwa padri wa Kiorthodoksi. Mama yake hakusoma shule, lakini alikuwa fundi wa kujitengenezea vifaa vya nyumbani, na Tesla alikiri kwamba ubunifu wake aliurithi kwa mama.

Mwaka 1875 aliingia chuo cha ufundi cha Graz, Austria. Mwaka wa kwanza alikuwa moto wa kuotea mbali. Siku moja profesa wao alileta mashine ya umeme darasani, ikawa inatoa cheche kwenye brashi zake. Kijana akauliza kwa nini brashi zisiondolewe kabisa, umeme geu ukaiendesha mota wenyewe. Kwa simulizi ya Tesla, profesa alitumia kipindi kizima kueleza kwa nini jambo hilo haliwezekani. Baadaye mambo yakaharibika: karata zikamteka, masomo yakamshinda, akaondoka bila shahada. Kwa lugha yetu ya hosteli, ni kama alidisko.

Lakini swali hakuliacha. Mwaka 1882, akiwa Budapest, alikuwa akitembea bustanini na rafiki yake jibu likamjia, akalichora mchangani kwa kijiti. Fikiria mbio za Mwenge. Wakimbizaji wanapokezana, kila mmoja anaubeba kwa zamu yake, na Mwenge unasonga mbele. Tesla alipanga koili kuizunguka mota, kila moja ikapata kilele cha umeme kwa zamu yake. Koili zinabaki palepale, lakini nguvu ya sumaku inazunguka, na chuma cha katikati kinaifuata. Hakuna brashi wala cheche.

Mwaka 1884 alivuka bahari hadi New York. Alifanya kazi kwenye kampuni ya Edison miezi michache, akaacha. Wafadhili waliomchukua baada ya hapo walimtosa, ikabidi achimbe mitaro kwa ujira wa kutwa. Mei 1, 1888 alipata hataza za mota yake, na kampuni ya Westinghouse ikanunua haki za kuitumia. Tuseme kweli, hakuwa peke yake. Galileo Ferraris wa Italia alifikia wazo hilohilo kwa njia yake, na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky ndiye aliyeujenga vizuri mfumo wa fezi tatu. Mwaka 1891 mfumo huo ulisafirisha umeme kilomita 175 hadi Frankfurt, Ujerumani. Ukipita Makambako kuelekea Songea, tazama laini ya msongo wa kilovolti 220: nyaya za umeme zinakwenda kwa tatu tatu. Ni kazi ya watu hao.

Mwisho wake haukuwa mzuri. Maabara yake iliungua mwaka 1895. Mnara aliouanza mwaka 1901 ili kusambaza mawasiliano na umeme bila waya ulikosa fedha, ukabomolewa mwaka 1917. Aliishi hotelini na madeni, akilisha njiwa. Alifariki Januari 7, 1943, New York, akiwa na miaka 86. Mwaka 1960 jina lake likapewa kipimo cha nguvu ya sumaku, hiyo T tunayoiandika kwenye mitihani bila kuwaza.

Na mjomba? Alimleta fundi kutoka Makambako, naye akaja na draivu, kisanduku kisichozidi ukubwa wa redio. Fezi na nyutro vinaingia upande mmoja. Ndani, umeme unageuzwa kuwa DC, unahifadhiwa kwenye kapasita, kisha unakatwakatwa na kutoka kama fezi tatu kwenye U, V na W. Kibati cha mota kilisema 230/400. Draivu ile hutoa volti 230, kwa hiyo fundi alihamisha vipande vya shaba vya mota kutoka muunganiko wa nyota kwenda pembetatu. Nyota na pembetatu nilivifanyia mtihani na kufaulu, lakini sikufikiria kusoma kibati. Alifunga waya wa ethi, akamwonya mjomba asiweke swichi kati ya draivu na mota, na akizima asubiri dakika kadhaa kabla ya kufungua kisanduku, maana kapasita hubaki na umeme wa kuua. Mota hiyo ya ncha nne huzunguka karibu mara 1,500 kwa dakika kwenye hezi 50. Ukishusha hadi 25 inakuwa karibu 750, bila kubadili mkanda.

Haya yote alinieleza mjomba kwa simu, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Hakunikumbusha jibu langu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Profesa wa Graz hakuwa mjinga, alikuwa na hesabu zake. Kosa lake, na langu, ni kudhani kwamba pale madesa yetu yanapoishia ndipo na dunia inapoishia. Mwanafunzi akiniuliza nisichokijua, nitamwambia sijui. Halafu tutaenda wote kusoma kibati.