Hayati Malkia Rosalie Gicanda (1928–1994)

Kila mwaka tarehe 7 Aprili maombolezo yanafunguliwa Gisozi, Kigali. Sisi wa Kamati tumechagua kumkumbuka mama aliyeuawa tarehe 20 ya mwezi huo, maana mama zetu wazee wametuomba habari ya mwanamke aliyezeeka bila cheo wala watoto.

Gicanda alizaliwa mwaka 1928. Mwaka 1942, angali msichana wa miaka 14 hivi, aliolewa na Mwami Mutara III Rudahigwa, akawa malkia kule Nyanza. Hawakujaliwa mtoto. Tunajua mwanamke wa namna hiyo anavyosemwa kwetu, sembuse mke wa mfalme! Tarehe 25 Julai 1959 Mwami alifariki ghafla mjini Bujumbura, akamwacha mjane wa miaka 31.

Mwaka huohuo nyumba zilianza kuchomwa, na watu wengi wakakimbilia nchi jirani. Mwaka 1961 ufalme ukafutwa. Shemeji yake, Mwami Kigeli V, alizeekea ugenini na kufia Marekani mwaka 2016. Gicanda yeye alibaki. Alitolewa Nyanza akahamia Butare, katika nyumba ya kawaida, pamoja na mama yake mzazi na wanawake waliomsaidia. Hakujitia katika siasa. Mgeni akibisha hodi alikaribishwa maziwa, kama desturi ya zamani. Hivyo ndivyo alivyozeeka, miaka mingi kuliko ile aliyokuwa malkia.

Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Kigali, mji wa Butare ulikaa karibu wiki mbili bila mauaji makubwa. Wengine hapa kambini wanauliza kwa nini hakukimbia. Alikuwa na miaka 66 hivi, na mama mkongwe ndani. Sisi tuliowaacha wazee wetu nyuma tunalijua jambo hilo, ila hatulisemi sana.

Tarehe 20 Aprili askari walimchukua pamoja na wanawake wa nyumba yake, wakawapiga risasi nyuma ya makumbusho ya taifa. Siku chache baadaye wakamuua na mama yake. Kapteni Ildéphonse Nizeyimana alihukumiwa Arusha kwa ajili ya mauaji hayo na mengine: kifungo cha maisha mwaka 2012, kikapunguzwa kuwa miaka 35 katika rufaa ya mwaka 2014.

Gicanda alizikwa kwanza uani kwake. Sasa amelala Mwima, Nyanza, karibu na mumewe.