Fadhili William, sauti ya kwanza ya ‘Malaika’

KUUPIGA wimbo ‘Malaika’ si kazi ya vidole vingi. Kijana wa Kibera au Kawangware anayejifunza ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, aweza kuumudu kwa mikao mitatu tu: C kwa kidole kimoja, F kwa viwili na G kwa vitatu. Wepesi huo uliufikisha wimbo mbali. Pengine ndio pia uliomponza aliyeurekodi kwanza, kwani kilicho rahisi kuigwa ni vigumu kukilinda.

Fadhili William Mdawida alizaliwa Taita mwaka 1938. Aliurekodi ‘Malaika’ karibu na mwaka 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys, kisha akaurudia mwaka 1963 katika studio za Equator Sound, Nairobi, chini ya Charles Worrod. Bendi ya studio hiyo ilikuwa na mafahali watupu: Daudi Kabaka, bingwa wa twist, Gabriel Omolo, na Wazambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi.

Kwa maelezo yake mwenyewe, Fadhili aliutunga kwa ajili ya msichana aliyempenda akashindwa kumtolea mahari. Si wote waliokubali. Adam Salim wa Tanzania alishikilia kwamba yeye ndiye aliyeutunga, tena mnamo 1945. Mzozo huo haukupata hakimu wa kuumaliza. Hata hivyo, inapozungumzwa santuri ya kwanza, jina linalotajwa ni la Fadhili.

Miriam Makeba aliutandaza wimbo duniani, akauimba pia na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965. Boney M wakautoa mwaka 1981. Wasikilizaji wengi wa ng’ambo waliufahamu kama wimbo wa Makeba.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Wimbo wa mwanamume asiye na mali uliwatajirisha wengine, ilhali Fadhili, aliyeishi Marekani kwa miaka mingi kabla ya kurejea nyumbani, alipigania mirabaha yake hadi uzeeni. Nyimbo zake nyingine, ‘Taxi Driver’ miongoni mwazo, zilifunikwa na umaarufu wa huo mmoja, jambo lisilo la haki kwa kipaji chake.

Alifariki Februari 11, 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Kabaka alimfuata Novemba mwaka huo huo.