Count Rumford: Mwanasayansi aliyetibu meko yasiyotoa joto

KATIKA majira ya baridi kali mwishoni mwa karne ya 18, wakazi wa London, matajiri kwa maskini, walikuwa na lalama moja: moto uliwaka, kuni na makaa ya mawe yaliteketea, lakini chumba hakikupata joto.

Aliyeketi mbele ya meko yaliyojengwa ukutani aliungua magoti huku mgongo ukimganda. Mara nyingi moshi nao ulirudi chumbani, ukawasha macho na kupaka mapazia masizi.

Dawa iliyozoeleka ilikuwa kuongeza kuni. Aliyepinga dawa hiyo na kuonyesha kwamba kasoro imo katika umbo la meko yenyewe ni Benjamin Thompson, ambaye historia inamkumbuka zaidi kwa jina la Count Rumford.

Thompson alizaliwa Machi 26, 1753, katika mji wa Woburn, Massachusetts, wakati ambapo eneo hilo lilikuwa koloni la Uingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga. Alipofikisha umri wa miaka 13 alipelekwa Salem kujifunza biashara katika duka la mfanyabiashara mmoja.

Hata hivyo, akili yake haikuwa kwenye mizani na vitambaa. Alipenda majaribio ya sayansi, na wakati mmoja aliumia vibaya baruti aliyokuwa akitengenezea fataki ilipolipuka.

Mnamo 1772, akiwa mwalimu kijana huko New Hampshire, alimwoa Sarah Rolfe, mjane tajiri aliyemzidi umri. Ndoa hiyo ilimfungulia milango ya wakubwa, na miaka miwili baadaye wakajaliwa binti, naye pia akaitwa Sarah.

Vita vya uhuru wa Marekani vilipozuka, Thompson alisimama upande wa Mfalme wa Uingereza na kuwapelekea majenerali wake habari za siri. Alimwacha mke na mtoto, na mnamo 1776 akavuka bahari hadi London. Mkewe alifariki mwaka wa 1792 bila ya wawili hao kuonana tena.

London ilimpokea vyema. Mnamo 1779 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama mashuhuri cha wanasayansi, na mnamo 1784 Mfalme George III akamtunuku cheo cha Sir. Mwaka huo huo alikwenda Munich kumtumikia Karl Theodor, mtawala wa Bavaria.

Ni Munich ambako suala la joto lilimkaba. Alitakiwa kurekebisha jeshi lililokuwa na askari wenye mishahara duni, mavazi mabovu na chakula kibaya. Aidha, barabara za mji huo zilikuwa zimejaa ombaomba.

Mnamo Januari 1, 1790, alitoa amri ombaomba hao wakamatwe na kupelekwa katika nyumba ya kazi, ambako walishona sare za askari na kupewa mlo, malazi na ujira. Wapo waliomsifu kwa huruma, na wapo walioona kwamba maskini walikuwa wamepoteza hiari yao.

Kulisha umati huo kila siku kulimfunza jambo moja. Alipopiga hesabu ya supu ya shayiri, njegere na viazi, aligundua kwamba moto wa kuipikia ulipoteza joto jingi hewani. Akajenga majiko ya matofali yaliyofunika moto na kukumbatia sufuria, kila sufuria na moto wake, ili joto liishie kwenye chakula. Kwa huduma zake alipewa hadhi ya Count, naye akachagua jina la Rumford, jina la kale la mji wa New Hampshire alikofunga ndoa.

Aliporejea London mnamo 1795, aliyaona meko ya mji huo kwa jicho la mpishi wa Munich. Mengi yalikuwa mashimo mapana na marefu, yenye kuta zilizosimama wima kama za sanduku, na juu yake koo la dohani lililo wazi kupita kiasi.

Kwa uchunguzi wake, dohani hiyo ilikuwa ikifyonza hewa ya chumba iliyokwisha kupata joto na kuitupa nje. Nafasi iliyoachwa ilijazwa na hewa baridi iliyopenya katika nyufa za milango na madirisha. Hivyo basi, kadiri moto ulivyoongezwa ndivyo baridi ilivyozidi kuvutwa ndani.

Alieleza pia kwamba katika meko ya wazi, joto linalomfaa aliye chumbani ni lile linalosafiri moja kwa moja kutoka kwenye moto na kuta zake, mithili ya joto la jua. Joto linalobebwa na moshi hupotea angani.

Tiba yake haikuhitaji mtambo wowote, ila matofali na mwashi makini. Kwanza, aliupunguza upana wa koo la dohani hadi takriban inchi nne, yaani sentimita 10, ili moshi upite lakini hewa ya chumba isikimbie nao.

Pili, aliusogeza mbele ukuta wa nyuma na kuufanya mwembamba, kiasi cha thuluthi moja ya upana wa mdomo wa meko. Tatu, alizilaza kuta za kando kwa pembe ya nyuzi 135 kutoka ukuta huo wa nyuma, ili zirudishe joto chumbani badala ya kutazamana zenyewe kwa zenyewe.

Nne, aliviringisha sehemu ya mbele ya koo hilo ili moshi upande bila kujikwaa. Alikataza chuma katika kuta za ndani, akapendekeza mawe au matofali yaliyopakwa chokaa nyeupe.

Hakumsahau hata mfagia dohani. Kwa kuwa koo jembamba lingemzuia kupita, aliacha kipande cha ukuta wa nyuma kinachoweza kutolewa na kurudishwa baada ya kazi.

Maelezo hayo aliyachapisha mnamo 1796, na muda si muda mamia ya meko ya London yalikuwa yamebadilishwa. Kumiliki meko ya Rumford kukawa fahari, kiasi kwamba mwandishi Jane Austen aliyataja katika riwaya yake ya Northanger Abbey. Mchoraji vibonzo James Gillray naye alimchora Count huyo mnamo 1800 akijipasha joto makalio mbele ya moto wake.

Mwaka huo wa 1796 ndipo alipokutana tena na binti yake, aliyevuka bahari kumfuata. Sarah, aliyeachwa akiwa mchanga, sasa alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka 20.

Kazi iliyompa heshima kubwa zaidi katika sayansi aliiwasilisha mnamo 1798. Akisimamia utengenezaji wa mizinga mjini Munich, aliona kwamba mzinga uliokuwa ukitobolewa ulipata joto lisilokoma. Alizamisha mzinga ndani ya maji, akatumia kekee butu iliyozungushwa kwa nguvu za farasi, na baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka bila moto wowote.

Wanasayansi wengi wa enzi hizo waliamini joto ni kimiminika kisichoonekana kinachojificha ndani ya vitu. Rumford alihitimisha kwamba joto ni mwendo. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha Royal Institution mjini London.

Mnamo 1805 alimwoa Marie-Anne, mjane wa mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier aliyekatwa kichwa kwa gilotini mnamo 1794. Mke alipenda wageni na karamu, mume alipenda utulivu na majaribio yake. Katika barua kwa binti yake, Rumford alisimulia jinsi alivyowafungia wageni lango, naye mkewe akalipiza kwa kumwaga maji moto juu ya maua aliyoyapenda. Walitengana mnamo 1809.

Alifariki Agosti 21, 1814, huko Auteuil, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 61. Mtu aliyepasha joto nyumba za watu wengi hakubahatika kukaa kwa muda mrefu katika nyumba yake mwenyewe.

Mafunzo yake yangali na kazi. Katika nchi za baridi, familia nyingi sasa hupachika jiko la chuma lenye mlango wa kioo ndani ya meko ya zamani, na lalama ya kale ingali inasikika: kuni zinaisha, chumba kingali baridi.

Fundi anayeitwa huanza pale pale alipoanzia Rumford. Hukagua iwapo kidhibiti hewa kimeachwa wazi mno, iwapo kuna mwanya kati ya jiko na dohani unaopitisha joto, iwapo kizibo cha kingo za mlango kimechakaa, na iwapo matofali ya ndani yamepasuka. Huzipima pia kuni, kwani zenye unyevu unaozidi asilimia 20 hutumia joto lake kukausha maji yake zenyewe.

Mambo hayo yote huchunguzwa kabla ya kuongeza hata gogo moja motoni.